Usiku mmoja ndani ya msitu wa Mwanihana, Udzungwa: njia, kambi na watu waliotuhudumia

Nimezaliwa Mang'ula, chini kabisa ya mlima huu. Ukifungua mlango wa nyumba ya mama asubuhi unaukuta umesimama mbele yako kama ukuta, kijani kitupu, na mara nyingi kichwa chake kimo ndani ya wingu mpaka saa nne. Nimesoma hapo, nimeolewa nikahamia Morogoro, nimefungua duka la dawa, nimefikisha miaka 43, na muda wote huo sikuwahi kulala huko juu hata usiku mmoja. Maporomoko ya Sanje nimefika mara mbili, mara ya kwanza na shule. Lakini Sanje unakwenda asubuhi na mchana umesharudi nyumbani unakula ugali. Mwisho wa Julai nilimchukua binti wa kaka yangu, ana miaka 19 na anasubiri kwenda chuo, tukapanda siku nzima kwenye njia ya Mwanihana, tukalala kambi ya msituni, tukashuka kesho yake.

Kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya mtu wa kawaida aliyelala kule. Sikupata. Nilichokipata kimeandikwa kwa ajili ya wageni, kana kwamba sisi tunaokaa chini ya mlima hatuna haja ya kuupanda. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwa asiyepajua: Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, imekalia mikoa ya Morogoro na Iringa, na ofisi zake kuu ziko Mang'ula. Ukitoka Mikumi mjini unakata kuelekea Kidatu na Ifakara, mwendo wa kilomita 60 na ushee. Huku huendi kuzunguka na gari ukichungulia simba dirishani. Ni miguu yako tu. Njia ni nyingi, fupi na ndefu. Ya Sanje inakupeleka kwenye maporomoko yanayoshuka mita 170 kwa ngazi tatu, na ndiyo inayojaza watu. Ya Mwanihana ni kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu na usiku mbili, hadi kilele chenye zaidi ya mita 2,000. Sisi hatukuwa na siku tatu, duka lisingeningoja. Tukaomba kupanda siku ya kwanza, kulala, na kurudi.

Nianze na kilichoniudhi, nikimalize.

Nilipita kwa wakala mmoja mjini anayekodisha mahema na kutafutia watu wapagazi. Sitamtaja. Nilimuuliza mwendo ni wa muda gani mpaka kambini. Akasema saa tatu za kutembea taratibu, hata mtoto anafika. Tulitembea saa 7 na dakika 40. Hili si kosa dogo. Mtu akiambiwa saa tatu anabeba chupa moja ya maji, anavaa raba za sokoni, anaondoka saa nne akiwa ameshakunywa chai na kusalimia jirani zake wote, halafu giza linamkuta kwenye mteremko hajui aweke mguu wapi. Ndani ya msitu huu jioni inaingia mapema kuliko uwanjani, kwa sababu jua likishapita upande wa pili wa mlima majani yanameza mwanga uliobaki.

Kilichotuokoa ni simu ya mwongozaji, jioni ya kuamkia safari. Ni mzee anayekaribia miaka 60, mwenyeji wa vijiji hivi hivi. Hakuniuliza habari za malipo. Aliuliza, "Dada, maji mnabeba kiasi gani?" Nikamjibu, lita moja moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lita tatu kila mtu. Na saa kumi na mbili na nusu muwe getini, tusikimbizane na jua." Kwa simu hiyo moja nilijua ni nani anayeijua kazi yake.

Asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama usoni akauliza mimi ni mtoto wa nani pale Mang'ula. Nilipomwambia, akacheka kwa furaha: alikuwa akinunua vitumbua kwa mama alipokuwa kijana. Kisha akasema tufungue mabegi. Alitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kwenye turubai. Sabuni ya maji ikabaki. Taulo kubwa mbili zikabaki, akasema kanga inatosha. Sufuria ya tatu ikabaki. Mzigo wa mpagazi wetu, kijana mmoja mpole wa Mkula, aliuning'iniza kwenye mzani wa ndoano kama ule wa kupimia samaki, akausoma, akatoa kilo mbili za mchele na kuzihamishia kwenye begi langu. Hakuniomba ruhusa na sikuhitaji aniombe. Askari wa hifadhi mwenye bunduki akajiunga nasi, kwa sababu huko ndani kuna tembo, nyati na chui. Tukaanza.

Mwanzo wa njia ni vichaka vya jua kali, na hapo ndipo penye upupu. Mzee alitembea mbele akiusogeza kwa fimbo na kutuonyesha maganda yake yenye manyoya ya dhahabu, mazuri kuyatazama, ili binti asije akayagusa. Baada ya hapo tukafika mahali ambapo kijia chembamba kinachepuka kushoto na kupotea ndani ya majani. Mzee akasimama. "Hii ndiyo ya kina mama," akasema.

Nilielewa mara moja. Hifadhi ilipoanzishwa, wanakijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu za juma kuokota kuni zilizoanguka, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2011. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nikiwa mdogo nilimwona akirudi mchana na mzigo kichwani, kuni zimefungwa kwa magome ya mti, shingo imesimama wima, na jasho limemchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Sikuwahi kujua alikuwa akipita wapi. Alikuwa akipita hapa. Kijia kimeshaanza kufungwa na mimea, lakini jiwe moja la kupumzikia bado lipo, juu yake pamelainika kwa miaka ya kukaliwa na kutulizwa mizigo. Nikaliwekea kiganja. Binti hakusema neno, akangoja mpaka nilipokuwa tayari.

Naelewa kwa nini ruhusa ilikoma, msitu huu ndio unaotupa maji. Naelewa pia kwamba gharama yake ililipwa na wanawake wenye vichwa vya kubebea. Mtu yeyote anayekuja kupanda Udzungwa apajue mahali hapo, na nashukuru kuwa mwongozaji wetu hakupapita kimya kimya.

Ukivuka mstari wa miti mikubwa, hewa inabadilika ghafla kama unapoingia ndani ya nyumba ya udongo kutoka juani. Mivule na mikangazi imepanda mpaka unaumwa na shingo. Kuna mmoja ambao mizizi yake imesimama kama kuta za chumba; binti aliingia katikati ya kuta mbili nikabaki naona kichwa chake tu. Sifa kubwa ya Mwanihana ni kwamba msitu haukatiki. Unaanza kwenye kama mita 250, karibu kabisa na mashamba ya miwa, ukapanda mfululizo hadi zaidi ya mita 2,000. Milima mingi ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka huku, sehemu ya chini ya msitu ilishaliwa na mashamba zamani. Hapa unaweza kuhesabu mabadiliko kwa macho: majani mapana yanakuwa membamba, magome makavu yanaanza kuota kuvu na ndevu za kijani, na udongo mwekundu wa chini unageuka mweusi, laini, wenye harufu ya chai iliyolala kwenye birika.

Na ni kupanda kweli kweli. Mizizi ndiyo ngazi. Majani makavu yameteleza juu ya udongo wenye unyevu, ukikanyaga vibaya unarudi hatua mbili. Kuna sehemu nilipanda kwa mikono na magoti. Kinachokatisha tamaa zaidi ni kuteremka: umehangaika nusu saa kupata kimo, njia inakushusha bondeni kuvuka kijito, unakiangalia kile ulichokipata kikipotea, halafu upande wa pili unaanza upya kutoka chini. Mabonde ya namna hiyo tulivuka manne. La tatu nilikaa kwenye jiwe nikafikiri mapaja yangu hayatanyanyuka tena.

Hapa nataka nieleze kazi ya yule mzee kwa undani, maana ndiyo huduma niliyoilipia na ndiyo iliyonifikisha. Hakuniuliza hata mara moja kama nimechoka. Baada ya mapumziko ya tatu nikagundua anachofanya. Kila alipoona pumzi zetu zimebadilika, alisimama mahali penye kitu cha kutazama, akachuchumaa, akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Nasi tukachuchumaa. Kumbe mapigo ya moyo yanashuka wakati unatazama kitu. Mara ya kwanza ilikuwa matunguru, yale matunda mekundu yanayotokea chini kwenye shina, akatueleza nani anayala. Mara ya pili alituonyesha rundo la majani makavu, la kawaida kabisa, ambalo mimi ningelikanyaga. "Msikanyage. Mna mtu humo." Kilikuwa kiota cha sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Sange hukusanya majani sakafuni mwa msitu na kujilaza ndani yake usiku, na asubuhi huacha shimo dogo ubavuni. Tulikuta shimo, mwenyewe ameshatoka. Milima hii ina sange wake mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wengine wote, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2008 tu. Mnyama wa uzito wa kuku mdogo alikaa hapo miaka yote bila kuandikwa popote.

Mara ya nne hakutuonyesha kitu. Aliinua mkono tusimame. Kutoka upande wa juu ulikuja mlio mmoja mrefu, kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Kimya. Nikadhani umeisha. Kisha ukafuata mfululizo wa kugugumia kwa haraka, gululululu, kama bata mzinga aliyekasirika, ukajaza bonde zima. "Ng'olaga," akasema mzee.

Ni aina ya kima. Vitabuni anaitwa mangabe wa Sanje, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia mlio huo huo ndani ya msitu huu wasijue ni wa nani, mpaka mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia jina lake. Mzee alilisimulia hilo taratibu, kwa fahari isiyo na kelele. "Dunia ilimjua mwaka huo. Bibi yangu alimjua kwa jina tangu utotoni." Dakika 20 baadaye tuliwaona. Walikuwa chini, wakipekua majani kwa mikono kama kina mama wanaochambua mchele, wanatupa jani kushoto, wanatupa jani kulia, wanatia kitu mdomoni. Rangi ya moshi, uso mweupe mweupe, nywele za utosini zimesimama. Mmoja aliinua kichwa akatuangalia huku mashavu yamejaa, akaona hatuna maana, akaendelea kula. Binti alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Hatukuwa na haja ya kusema chochote.

Tulifika kambini saa tisa na robo, kwa kuwa tulianza kutembea saa moja na dakika 35 asubuhi. Mtu aliyeambiwa saa tatu asome tena namba hizo.

Kambi ni ya msituni kwa maana yake kamili. Ni eneo tambarare kati ya miti, kando ya kijito, basi. Hakuna banda, hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna mtu wa kukuuzia soda. Simu yangu haikushika mtandao kabisa. Maji ni ya kijito, baridi mpaka meno yanauma. Tuliyachemsha yote ya kunywa, na ninashauri kila mtu achemshe hata kama yanang'aa. Haja unachimba shimo mbali na maji na kulifukia. Tulikuta pasafi: hakuna chupa, hakuna mfuko wa nailoni, hakuna hata ganda la yai. Mzee alipita eneo lote akiinama kabla hatujaweka mizigo, na alirudia hivyo hivyo asubuhi kabla hatujaondoka. Akaokota kijiti cha kiberiti kimoja, akakitia mfukoni. Hicho kijiti nimekikumbuka mara nyingi.

Sasa hema. Nilipolifungua, fito moja ilikuwa imepasuka katikati, na turubai la juu la kuzuia mvua halikuwemo kabisa. Wakala aliniambia lina kila kitu. Nimeshajifunza: hema la kukodi lisimamishwe palepale dukani kwake kabla hujalipa, hata kama ana haraka. Lakini hilo halimwondolei kosa. Mimi nauza dawa. Mteja hapaswi kufungua kopo mbele yangu kuhesabu vidonge ili aniamini.

Kijana mpagazi ndiye aliyelitibu. Kukata mti hifadhini ni marufuku, kwa hiyo suala la kutafuta kijiti kinachofaa halikuwepo. Akaniomba kijiko. Akakilaza juu ya mpasuko, bakuli la kijiko likikumbatia fito, kisha akatoa mfukoni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akauvuta mpaka ukawa mwembamba kama utepe, akaanza kuuzungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kama daktari anayefunga mkono uliovunjika. Alipomaliza akaipinda fito taratibu, akasikiliza. Haikulia. Juu ya hema akatandika turubai lake mwenyewe la plastiki, lile alilokusudia kulalia, na alipoona ninamtazama akasema, "Nitalala na mzee, dada, msijali." Usiku manyunyu yalianguka zaidi ya saa moja, na mimi na binti tulilala wakavu.

Kuhusu kijana huyu kuna jambo jingine, na ningejisikia vibaya nisipolisema. Nilimlipa wakala shilingi 40,000 kwa siku kwa ajili ya mpagazi. Tukiwa tunaosha vyombo nilimuuliza anayoipata mkononi. Akasita, kisha akasema 15,000. Tangu hapo sikuweza kula vizuri. Nilimpa tofauti yake tulipofika chini, mbele ya mzee, na nimewaeleza ndugu zangu wote: ukitaka mpagazi, ulizia wenyeji Mang'ula, mwone uso kwa uso, na mlipe mwenyewe mkononi. Wakala anastahili malipo ya kazi yake, lakini hakubeba hata kijiko.

Chakula tulipika wenyewe kwa jiko dogo la gesi: wali, dagaa wa kukaanga niliowaandaa nyumbani, na kachumbari. Chapati za mchana zilitoka kwa mama lishe wa karibu na stendi ya Mang'ula, nene, zimekandwa kwa tui, na hazikukauka mpaka kesho yake. Wakati sufuria inachemka mzee alitusimulia habari ya kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa upande mwingine wa milima hii, msitu wa Ndundulu. Ndani ya sufuria ya chakula walichopikiwa wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Wakauliza, wakatafuta, wakampata mzima: ndege mpya kabisa kwa sayansi. Binti alitazama ndani ya sufuria yetu kwa makini sana baada ya hapo.

Saa mbili usiku perere wakaanza. Mtu ambaye hajawahi kumsikia perere ajiandae. Ni mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa, anakaa juu ya mti, lakini sauti yake inaanza kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa pole pole, inapanda, inapanda, mpaka inakuwa kilio cha mtu anayenyongwa. Mmoja akaita juu yetu, mwingine akajibu ng'ambo ya kijito. Binti aliingia upande wangu wa blanketi. Nikamweleza kama mzee alivyonieleza. Baadaye tulisikia komba, na mara moja, mbali, tawi kubwa likivunjika. Askari akawasha tochi, akasikiliza kwa muda, akaizima. "Tembo. Anakwenda zake," akasema. Kwa utulivu ule ule ambao baba yangu alikuwa akisema treni imepita. Nikalala.

Baridi ipo. Sweta moja halikutosha, nililala na kanga mbili kiunoni na soksi mbili.

Alfajiri mzee alitupeleka mwendo wa dakika kumi hadi mahali ambapo miti imeachia uwazi. Bonde la Kilombero lote lilikuwa chini ya ukungu mweupe, kama maziwa yaliyomwagwa, na mashamba ya miwa yakaanza kutokeza vipande vipande. Halafu kutoka chini kabisa tukasikia honi ya treni. Reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita Mang'ula, na marehemu baba yangu aliifanyia kazi maisha yake yote. Kila siku ya utoto wangu niliisikia honi hiyo nikiwa chini nikiutazama mlima. Sasa nilikuwa mlimani naitazama nyumbani. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kushuka kulituchukua saa 5. Kwa mwenye magoti mabovu kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Beba fimbo mbili, si moja, na kata kucha za miguu siku moja kabla. Karibu na chini tulikutana na kundi la mbega wekundu wa Udzungwa, kama 30 hivi. Wanaruka mikono na miguu ikiwa wazi kama nguo iliyopeperushwa kutoka kwenye kamba, wanatua kwenye majani kwa kishindo, na tawi linainama mpaka unashika roho.

Kama ningeulizwa alama: mzee mwongozaji nampa zote, bila kupunguza hata moja. Kijana mpagazi vivyo hivyo. Askari aliijua kazi yake na hakuipigia kelele. Kambi ni nzuri kwa sababu imeachwa ilivyo, na naomba ibaki hivyo. Anayehitaji kitanda na bafu alale Mang'ula mjini na apande Sanje, atafurahi sana. Wakala wa mjini simrudii. Nilimpelekea hema lake na kumwonyesha fito, akaniambia vifaa vya kukodi ndivyo vilivyo. Ada za hifadhi tulilipa kwa namba ya malipo, hakuna kushikana na fedha taslimu. Kwa Mtanzania ni ndogo mno ukilinganisha na anazolipa mgeni, ila viwango hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini kabla. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei mvua inageuza ile mizizi kuwa sabuni. Beba lita tatu za maji, buti zenye soli ya meno, soksi ndefu za kuingiza suruali ndani kwa ajili ya siafu, na tochi ya kichwani yenye betri mpya. Na jizoeze wiki tatu kabla: mimi nilikuwa napanda na kushuka ngazi za ghorofa lenye duka langu kila jioni, mara 20, na bado niliona cha moto.

Tulifika kwa mama saa nane mchana. Magoti yake hayampandishi tena hata kilima cha kanisani. Alituwekea maji ya moto, akataka aelezwe kila kitu, na nilipomtajia lile jiwe la kupumzikia alifunga macho akaniambia lina ufa upande wa kushoto, ambao alikuwa akichomeka humo kipande chake cha muhogo ili mikono iwe huru. Sikuuona ufa. Nitautafuta Oktoba, tunakwenda siku zote tatu mpaka kileleni, mzee ameshakubali na kijana pia. Tulipokuwa tunakula, mama alichukua buti zetu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua soli kwa kijiti. Udongo ule mweusi wa juu akaukusanya kwenye kifuniko cha ndoo, akaenda kuumwaga kwenye tuta lake la mchicha.